Shajara ya mradi: kutafuta alama ya maji kwenye chapa ya Mombasa na Kilwa

Tarehe 4 Februari

Leo nimepokea chapa ambayo Bibi mmoja wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, amekubali niichunguze kabla sijamtengenezea fremu mpya. Ni karatasi moja pana yenye mkunjo katikati, iliyochapwa kwa bamba la shaba na kisha kutiwa rangi kwa mkono. Nusu ya juu inaonyesha Aden, bandari yake na milima iliyouzunguka mji. Chini yake zimepangwa picha tatu ndogo zilizoandikwa Mombaza, Quiloa na Cefala, yaani Mombasa, Kilwa na Sofala. Marehemu mumewe aliinunua ng'ambo miaka mingi iliyopita, na tangu hapo imekaa ukutani sebuleni, mkabala na dirisha.

Picha yenyewe haina utata. Inatoka katika juzuu ya kwanza ya Civitates orbis terrarum, mkusanyiko wa picha za miji ya dunia ulioanza kutolewa Köln, Ujerumani, mwaka 1572, Georg Braun akiwa mhariri na Frans Hogenberg mchongaji mkuu wa mabamba. Juzuu zilifika sita, ya mwisho ikatoka mwaka 1617. Utata ni kwamba bamba la shaba halichapi mara moja likatupwa. Juzuu ya kwanza ilitolewa tena na tena, kwa Kilatini, kwa Kijerumani na kwa Kifaransa, na baadaye mabamba yakafika mikononi mwa Janssonius, mchapishaji wa Amsterdam, ambaye alitoa toleo lake mwaka 1657. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na picha iliyochongwa kabla ya mwaka 1572 juu ya karatasi iliyotengenezwa miaka 80 baadaye, na picha isimwambie lolote.

Bibi hakuniuliza bei yake. Aliniuliza, "Mwanangu, hii ni ya zamani kweli, au ni picha ya kitabu cha juzi?" Nilimjibu kwamba ni ya zamani, maana alama ya kingo za bamba imedidimia kwenye karatasi na kidole kinaihisi. Ila zamani ipi, nikamwomba anipe muda. Mimi ni mjalidi. Kazi yangu ya kila siku ni kushona vitabu vilivyofumuka na kubadilisha majalada. Karatasi ninaijua kwa mkono. Kuijua kwa umri ni elimu nyingine, na shajara hii ni ya kuandika namna ninavyojifunza elimu hiyo kwa chapa hii moja.

Tarehe 9 Februari

Kabla sijaigusa, naandika kwanza ninachokitafuta, ili nisije baadaye nikaona ninachotaka kuona.

Kila mtu aliyewahi kuuza duka anaijua alama ya maji hata kama hajui jina lake. Ukipewa noti ya Kenya unaiinua kwenye mwanga utafute kichwa cha simba; Tanzania wanatafuta sura ya Mwalimu Nyerere. Asili ya jambo hilo ni Italia, kwenye karatasi za mwaka 1282, zaidi ya miaka 700 iliyopita. Mtengenezaji alikuwa na kalibu, ambayo ni fremu ya mbao iliyotandikwa wavu wa nyaya za shaba. Nyaya nyembamba zililala kwa wingi, zimebanana, na zilishikwa na nyaya nyingine chache zilizozikata kwa nafasi ya sentimita mbili au zaidi kidogo. Juu ya wavu huo alishona waya uliopindwa umbo fulani: ua, mnyama, ngao, herufi. Kalibu ilipochovywa katika pipa la rojo ya matambara na kuinuliwa, maji yalipita chini na rojo ikabaki juu ya wavu. Palipokuwa na waya rojo ilikaa kwa uhaba, na pale karatasi ikawa nyembamba zaidi kwa kiasi ambacho mkono hauwezi kukihisi, ila mwanga unakiona.

Kwa hiyo karatasi ya zamani ina vitu vitatu vya kusoma: mistari myembamba iliyobanana, mistari mikuu inayoikata, na umbo lenyewe. Nilipoanza nilidhani umbo ndilo kila kitu. Sasa nimeanza kushuku kwamba mistari mikuu ndiyo yenye ushahidi, kwa sababu umbo moja lilitumiwa na viwanda mia, bali nafasi za nyaya zilizofungwa kwa mkono katika kalibu moja hazilingani na za kalibu nyingine.

Jambo moja nimelikariri ili nisilisahau: alama ya maji inataja umri wa karatasi tu. Haitaji umri wa mchoro.

Tarehe 16 Februari

Nimeitoa chapa kwenye fremu, na roho imeniuma. Fundi wa fremu aliyeishughulikia zamani aliigandisha yote, kutoka ukingo hadi ukingo, juu ya kadibodi ya kahawia yenye unene wa milimita mbili. Huenda alitaka ikae tambarare. Kadibodi ya aina hiyo ina asidi, na asidi imekuwa ikihamia kwenye karatasi kwa miongo kadhaa. Kingo zimekuwa na rangi ya chai ya rangi. Isitoshe, mwanga haupiti hata kidogo. Upande wa nyuma ndiko yalikochapwa maandishi ya maelezo ya miji, na lugha ya maandishi hayo ndiyo kitambulisho cha kwanza cha toleo. Yote hayo yamefungiwa ndani ya gundi.

Nilijaribu mwanga wa pembeni, yaani taa iliyowekwa chini sana ubavuni mwa karatasi, ili kila kivimbe kitupe kivuli chake. Niliona mikunjo, nikaona mdidimio wa bamba, na kwenye ukingo mtupu wa kushoto nikaona kwa shida mistari mikuu mitatu. Umbo sikuliona.

Tarehe 2 Machi

Wiki mbili nimekuwa nikitoa kadibodi. Naandika kwa urefu kwa sababu anayetaka kufanya kazi hii lazima ajue kwamba hapa ndipo chapa zinapoharibika.

Kwanza nilimwandikia mtaalamu wa kuhifadhi karatasi nikampelekea picha, akanikataza nisilowanishe kitu chochote kabla ya kuzijaribu rangi. Nilichukua kijiti chenye pamba, nikakitia unyevu kidogo, nikagusa kila rangi mahali pasipoonekana sana kwa sekunde chache. Bluu ya bahari ilitulia. Nyekundu ya paa iliacha doa hafifu kwenye pamba, kwa hiyo nikajua kuzamisha karatasi majini hakuwezekani. Kijani cha milima ya Aden kilinitia wasiwasi zaidi. Hiyo ni rangi iliyotokana na kutu ya shaba, ambayo kadiri miaka inavyopita huila karatasi iliyo chini yake; imekwisha kugeuka hudhurungi mahali pengine, na kwenye kilele kimoja karatasi imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka.

Basi niliilaza chapa kifudifudi juu ya karatasi laini ya kufyonza, nikaanza kuichambua kadibodi kutoka nyuma, tabaka kwa tabaka, kwa kisu kidogo cha upasuaji nilichokishika karibu sambamba na meza. Sheria niliyopewa ni kwamba unaivua kadibodi kutoka kwenye chapa, huivui chapa kutoka kwenye kadibodi: kinachopindwa ni kile unachokitupa. Kwa saa moja nilipata eneo la kiganja. Lilipobaki tabaka la mwisho, jembamba kama ganda la kitunguu, nilipaka rojo nzito ya methiliselulosi, aina ya gundi inayoyeyuka majini, kwa vipande vidogo vidogo, nikasubiri gundi ilainike, kisha nikaliondoa kwa kibano. Chini ya kijani sikuondoa chochote. Pale nimeacha tabaka la mwisho la kadibodi, kwa kuwa sasa ndilo linaloishikilia milima.

Jana jioni herufi za kwanza zilitokea nyuma: nyeusi, kali, zenye kina. Niliona "est", nikaona "quae". Ni Kilatini.

Tarehe 3 Machi

Kilatini kinaniondolea matoleo ya Kijerumani na ya Kifaransa, ila hakinipi mwaka, kwa sababu matoleo ya Kilatini yalikuwa mengi. Kwa hiyo karatasi ndiyo itakayosema, ikikubali kusema.

Tarehe 10 Machi

Mwanga wa kwanza kutoka nyuma. Nimenunua kibao chembamba cha LED cha wachoraji, nikakifunika kwa karatasi nyeusi iliyokatwa dirisha la ukubwa wa sehemu ninayoitazama, ili mwanga wa pembeni usiniumize macho na usiipashe rangi nuru isiyohitajika. Karatasi nzima kama hii, inayokunjwa mara moja kuingia kitabuni, kwa kawaida hubeba alama katikati ya nusu moja. Nusu ya kulia ilikuwa na mistari tu. Kwenye nusu ya kushoto, mahali bandari ya Aden inapopakana na picha ya Mombasa, palikuwa na kitu.

Palikuwa na kitu, lakini kilikuwa chini ya vitu viwili vingine. Mbele kulikuwa na mistari ya mchongaji, mawimbi ya bahari yaliyochongwa kwa mistari mifupi ya kulala. Nyuma kulikuwa na maandishi ya Kilatini yaliyoonekana kinyume. Katikati yao umbo jeupe lilijitokeza na kupotea kila nilipopepesa macho. Juu niliona majani matatu yaliyopinda kwa nje, na chini yake kitu kipana kinachoelekea kuwa ngao. Niliandika katika daftari: yungiyungi juu ya ngao, huenda Strasbourg.

Usiku sikulala vizuri kwa furaha. Yungiyungi la Strasbourg, lenye ngao na taji, linahusishwa na kiwanda cha Wendelin Riehel, aliyeweka herufi WR chini yake, na viwanda vingine vikaliiga kwa muda mrefu, hasa katika karne ya 17. Ningekuwa nalo, ningesogeza chapa ya Bibi kuelekea mbele, labda hadi toleo la Amsterdam.

Tarehe 12 Machi

Nimeirudia sentensi yangu ya juzi na nimeikata kwa kalamu nyekundu. Sikuwa nimeona yungiyungi. Nilikuwa nimesoma kuhusu yungiyungi wiki iliyotangulia.

Kuanzia leo nina utaratibu: nachora kwanza kila mstari mweupe ninaouona, bila kuupa jina, na majina yanasubiri mpaka mchoro uwe umekamilika mara tatu kwa siku tatu tofauti. Palipotofautiana michoro mitatu, nitaweka nukta badala ya mstari.

Tarehe 24 Machi

Njia bora ya kuondoa wino machoni ni radiografia ya beta. Bamba jembamba la plastiki lenye kaboni 14 huwekwa upande mmoja wa karatasi na filamu upande wa pili, gizani, kwa saa kadhaa. Mionzi hupita kwa wingi palipo pembamba na kwa uchache palipo panene, na wino wa zamani, ambao ni masizi na mafuta, hauonekani kabisa au unaonekana kwa shida. Maktaba na makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani yamekuwa yakifanya hivyo kwa miongo. Mimi sina, na sitakuwa nayo.

Nilichonacho ni kamera, stendi na subira. Nimepiga picha tatu, mbili za kwanza bila kuisogeza karatasi wala kamera hata kidogo: ya kwanza kwa mwanga wa mbele peke yake, ya pili kwa mwanga wa nyuma peke yake, na ya tatu, baada ya kuigeuza chapa na kuipanga upya kwa alama za pembeni, kwa mwanga wa mbele upande wa maandishi. Katika programu ya kuhariri picha niliziweka kama matabaka. Picha ya mwanga wa nyuma ina kila kitu: mawimbi, herufi, alama. Nikatoa ndani yake picha ya mbele, na mawimbi yakafifia. Nikageuza picha ya maandishi kushoto kulia, nikaitoa nayo. Haikuwa safi, kwa sababu karatasi iliyochambuliwa kadibodi haikai tambarare kabisa na herufi za pembeni zilihama karibu nusu milimita, lakini katikati ilitosha.

Ngao haikuwepo. Palikuwa na viduara, kimoja kando ya kingine, vimepangwa kwa safu zinazopungua kwenda chini. Baadhi ya viduara nilivyokuwa nimevichora wiki mbili zilizopita vilikuwa herufi "o" za Kilatini za upande wa pili, na vilipotoweka, safu zilizobaki zikanyooka. Majani matatu ya juu yalikuwa kikonyo kilichopinda, na ufa mmoja wa karatasi.

Bibi alikuwa amekuja kuchukua msahafu wake niliokuwa nimeujalidi. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta bila kusema neno. Akavaa miwani, akasogea, akasema, "Hicho si kichala cha zabibu?" Ndicho. Nilimwonyesha ni wapi kilipo kwenye karatasi yenyewe, juu kidogo ya Mombasa, naye akaweka kidole hewani bila kugusa, akakizungusha kufuata viduara.

Tarehe 6 Aprili

Leo ni vipimo tu. Kichala kina viduara 19: safu ya juu 4, kisha 5, 4, 3, 2 na 1. Urefu wake bila kikonyo ni milimita 62, na upana wake mahali penye viduara 5 ni milimita 38. Kimekaa juu ya mstari mkuu mmoja, nao mstari huo haupiti katikati yake bali milimita 2 kushoto kwa kiduara cha chini kabisa. Kiduara cha kushoto cha safu ya tatu kimebonyea, kimekuwa kama yai. Nafasi za mistari mikuu, kuanzia ukingo wa kushoto kwenda kulia, ni 24.5, 25, 24, 24, 23.5, 25.5 na 25.

Kiduara kilichobonyea kinanipendeza kuliko vyote. Mtu alikipinda waya huo kwa koleo, akakishona kwenye wavu, na baada ya kuchovywa maelfu ya mara na kusuguliwa kiliegemea upande. Kichala kizuri kinaweza kuwa cha mtu yeyote. Kichala chenye kiduara hiki ni cha kalibu moja.

Tarehe 19 Mei

Mvua za masika zimenifundisha somo ambalo kitabu hakikunipa. Nilipima tena mistari mikuu na jumla ya nafasi saba iliongezeka kwa zaidi ya milimita moja. Nilidhani nimekosea, nikarudia, nikapata vilevile. Kipimo cha unyevu kilichopo ukutani kilikuwa kinaonyesha asilimia 84, ilhali siku ile ya Aprili nilikuwa nimepima katika chumba chenye kiyoyozi, asilimia 55. Karatasi hunyonya unyevu na kutanuka. Kuanzia sasa kila kipimo kitaandikwa pamoja na unyevu wa chumba, na naomba yeyote anayepima kwenye pwani hii afanye hivyo, maana tofauti ya nusu milimita ndiyo inayotenganisha kalibu mbili.

Tarehe 8 Juni

Nimeanza kutafuta. Mwongozo wa kwanza wa mtu yeyote ni kazi ya Charles-Moïse Briquet wa Geneva, iliyotoka mwaka 1907 kwa juzuu nne, yenye michoro 16,112 ya alama za maji kuanzia mwaka 1282 hadi 1600. Kando yake kuna mkusanyiko wa Gerhard Piccard ulioko Stuttgart, wenye alama zaidi ya 90,000, nao unatafutika bure kwa mtandao. Kote zabibu zipo kwa wingi. Karatasi za Ufaransa zilizibeba kwa muda mrefu kiasi kwamba mpaka leo wachoraji wa huko huita raisin, yaani zabibu, karatasi ya ukubwa wa sentimita 50 kwa 65. Sisi nasi tumerithi jina la namna hiyo bila kujua: fulskapu za mitihani zinaitwa hivyo kwa sababu karatasi za ukubwa wa aina ile zilikuwa na alama ya kofia ya mchekeshaji wa mfalme, yenye pembe na njuga. Alama ilishatoweka kwenye karatasi, jina likabaki.

Nimepitia vichala vingi jioni baada ya jioni. Vilivyo na viduara 19 kwa mpangilio wangu nimevipata vichache, na hakuna hata kimoja kinacholingana kwa kila kipimo. Kimoja kilinifanya nisimame: mpangilio uleule, urefu milimita 61. Lakini kile kinakaa kati ya mistari mikuu miwili, na changu kinapandia mmoja. Hicho si changu.

Tarehe 15 Juni

Nimekuwa nikifikiri juu ya maneno mawili ambayo watu wa fani hii hawayachanganyi: kufanana na kuwa ileile. Alama iliyofanana inakwambia aina ya karatasi, eneo pana na miongo ya matumizi. Alama ileile, iliyotoka kwenye waya uleule, inakwambia karibu mwaka, kwa sababu kalibu iliyotumiwa kila siku haikudumu muda mrefu, na mpiga chapa aliyenunua karatasi hakuihifadhi miaka mingi bila kuitumia.

Mtu aliyelithibitisha hili kwa nguvu zaidi ni Mmarekani Allan Stevenson. Alieleza kwamba alama za maji ni mapacha. Kwenye pipa moja walifanya kazi watu wawili na kalibu mbili zilizokusudiwa kuwa sawa. Mmoja alipochovya, mwenzake alikuwa anakandamiza karatasi ya kalibu ya pili kwenye kitambaa cha sufu. Kwa hiyo kila rundo la karatasi lina alama mbili zinazokaribiana sana bila kulingana kabisa. Kwa kufuatilia mapacha hao na namna walivyoharibika, Stevenson alionyesha kwamba Missale speciale, kitabu cha misa ambacho baadhi ya wataalamu walikiona kuwa cha zamani kuliko Biblia ya Gutenberg, kilichapwa takriban mwaka 1473. Mjadala wa miaka mingi ulimalizwa na nyaya zilizopinda.

Na katika chapa za sanaa, somo kubwa ni Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Mtafiti Erik Hinterding alilinganisha alama za maji za nakala nyingi mno za michoro yake, akaonyesha kwamba Rembrandt alikuwa akiyarudia mabamba yake ya zamani na kuyachapa tena miaka mingi baada ya kuyachora. Na baada ya kufariki kwake mwaka 1669 mabamba yaliendelea kuchapwa na wengine. Lile la mchoro mkubwa wa Kristo akiponya wagonjwa, uitwao Chapa ya Gulda Mia, lilifika kwa Kapteni William Baillie, ambaye alilichonga upya, akachapa nakala, kisha akalikata vipande vinne. Mkono wa Rembrandt ungali unaonekana kwenye nakala za Baillie, lakini karatasi ni ya karne iliyofuata. Chuo Kikuu cha Cornell kina mradi uliopanga alama za Rembrandt kwa maswali ya ndiyo na hapana, ili asiye mtaalamu naye aweze kufika kwenye tawi sahihi. Nimeanza kujitengenezea maswali ya namna hiyo kwa zabibu: je, kikonyo kimepinda kulia? Je, kichala kinapandia mstari mkuu? Je, safu ya juu ni pungufu kuliko ya pili? Maswali matatu yameshaniondolea zaidi ya nusu ya michoro.

Tarehe 30 Juni

Hakuna kipya kuhusu zabibu. Nimerudishia ufa wa kilele cha Aden kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, na umeshika.

Tarehe 13 Julai

Leo nimeuinua kwenye mwanga msahafu mkuukuu ulioletwa kujalidiwa, ambao wenyewe ni familia moja ya huko Pate. Kwa miezi mitano jicho langu limezoea, na nisingejua kutazama kabla ya chapa hii. Hilali tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zimepangwa kwa mstari mmoja. Hiyo ni karatasi ya Italia ya kaskazini, iliyotengenezwa kwa ajili ya masoko ya Waislamu ya dola ya Uthmaniya na kusafirishwa mpaka pwani hii, ambako waandishi wa Siyu na kwingineko waliandika misahafu yao juu yake. Nimeipima, nimeandika unyevu wa chumba, na nimewaomba wenyewe ruhusa ya kuhifadhi mchoro. Hii si sehemu ya mradi wa chapa, lakini nimefungua daftari lake.

Tarehe 3 Agosti

Nimeandikia maktaba mbili zenye nakala kamili za juzuu ya kwanza, zilizojalidiwa na zenye mwaka unaojulikana, nikaomba picha ya mwanga wa nyuma ya jani hili na ya majani mawili ya jirani. Nimeeleza hasa ninachohitaji: kiduara cha kushoto cha safu ya tatu, na umbali wa mstari mkuu kutoka kiduara cha chini. Jani la jirani lina maana kwa sababu kitabu kimoja kilichapwa kwa marundo, na pacha wa kichala changu anaweza kuwa chini ya mji mwingine kabisa.

Tarehe 21 Agosti

Nimemrudishia Bibi chapa yake. Ipo kwenye fremu mpya, imeshikwa kwa bawaba za karatasi ya Kijapani kwenye kingo za juu tu, nyuma yake kuna kadi isiyo na asidi, na kati ya chapa na kioo nimeacha nafasi ili unyevu usiigandishe. Nyuma ya fremu nimebandika bahasha yenye mchoro wa kichala kwa ukubwa wake halisi na kadi niliyoiandika hivi:

"Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Kutoka Civitates orbis terrarum, juzuu ya kwanza. Maandishi ya nyuma ni ya Kilatini. Alama ya maji: kichala cha zabibu, viduara 19, nusu ya kushoto, juu ya mstari mkuu, kiduara cha kushoto cha safu ya tatu kimebonyea. Mistari mikuu milimita 23.5 hadi 25.5, unyevu asilimia 55. Kalibu ileile bado haijapatikana. Mwaka usijazwe mpaka ipatikane."

Bibi aliisoma kadi mpaka mwisho, akaniuliza kama kuna majibu ya barua. Nikamwambia bado. Akamwita mjukuu wake, wakauhamisha msumari kutoka ukuta unaotazama dirisha hadi ukuta wa ndani, kando ya mlango wa jikoni, ambako jua halifiki.